Kabla Hujasimulia Kichekesho cha Kitabu cha Zamani

Vijana wanaoanza kushika maikrofoni kwenye sherehe hapa Lubumbashi huniuliza swali lilelile: mama, vichekesho unavitoa wapi? Wanatarajia niseme kwenye simu. Ninawaambia vingi nimevitoa kwenye vitabu vya Kifaransa vya miaka ya 1940 na 1950, vile vidogo vya mfukoni vyenye karatasi iliyogeuka njano, ambavyo bado vinauzwa chini kando ya barabara mjini kati, vimechanganywa na kamusi zisizo na jalada na vitabu vya sala. Wakisikia hivyo wanataka kukimbia kwenda kununua. Hapo ndipo ninapowashika mkono. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo haisimuliki tena mbele za watu, na kila anayepanda jukwaani anapaswa kujua kwa nini.

Ninaishi kwa kazi hii ya u-MC: arusi, mahari, sherehe za diploma, miaka mingi sasa. Vitabu hivi ninavipenda kweli. Nimevisoma usiku kwa mshumaa umeme ukikatika, nimevipigia mistari kwa kalamu, nimeviazima watu na kuvidai tena. Kwa hiyo msomaji asidhani ninakuja kuvitukana. Ninakuja kueleza namna ya kuvitumia bila kuumiza watu waliokuja kufurahi.

Kwanza tuelewe vilitoka wapi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na mara baada ya hapo, vitabu vya bei ndogo vilienea sana. Marekani, kampuni ya Pocket Books ilikuwa imeanza mwaka 1939 kuuza vitabu kwa senti 25. Bennett Cerf, mmoja wa waanzilishi wa Random House, alitoa mkusanyo wake wa vichekesho na visa mwaka 1944, ukauzwa kwa wingi sana. Ufaransa walikuwa na Almanach Vermot, kitabu cha kila mwaka chenye vichekesho, tangu mwaka 1886, na Ubelgiji, mjini Verviers, Marabout ilianza kuchapa vitabu vya mfukoni mwaka 1949. Huku kwetu mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, na Wabelgiji waliokuja kufanya kazi kwenye kampuni ya machimbo ya Union Minière, kwenye reli na serikalini walifika na vitabu vyao masandukuni. Walipoondoka, wengine kwa haraka mwaka 1960, wengine baadaye, walibeba vyombo na picha. Vitabu vya kuchekesha vilibaki.

Fungua ukurasa wa yaliyomo na utaona mpangilio unaofanana: mama mkwe, mke na kofia mpya, mke na usukani wa gari, walevi, wendawazimu, daktari na mgonjwa, Waskoti (watu wa Scotland) wabahili, watoto wenye maswali, na karibu kila mara sura moja ya Afrika. Nitarudi kwenye sura hiyo.

Kuna vichekesho vilivyokufa humo bila kosa la mtu yeyote. Binti wa kuunganisha simu aliyekosea waya, soksi za nailoni, mchuuzi anayegonga mlango kwa mlango. Hivyo viache vilale. Kichekesho kinachodai dakika mbili za maelezo kabla ya kucheka kimeshakuwa somo la historia, na watu kwenye arusi wanasubiri chakula.

Sasa nionyeshe kisichokufa. Kuna mkusanyo wa Kigiriki unaoitwa Philogelos, wenye vichekesho 265, ambao wataalamu wanauweka karibu na karne ya nne au ya tano baada ya Kristo. Ndani yake kinyozi mwenye maneno mengi anamuuliza mteja: "Nikunyoe vipi?" Mteja anajibu: "Kimya kimya." Basi, kimeisha. Nilipokisimulia mara ya kwanza kwenye sherehe mtaa wa Katuba, mama mmoja wa meza ya mbele alipiga kofi mezani akasema, "Yule kinyozi namujua, anakaa avenue yetu!" Karne zaidi ya kumi na tano, na bado anakaa avenue yetu.

Kitabu hichohicho kina kingine, na hiki ndicho ninachowafundishia vijana. Mtu anamwendea msomi mmoja na kumlalamikia: "Yule mtumwa uliyeniuzia amekufa." Msomi anashangaa: "Wallahi, alipokuwa kwangu hakuwahi kufanya jambo kama hilo!" Mtego wa kicheko umetegwa vizuri kabisa, mwenye kuchekwa ni msomi, anayezungumzia kifo kama tabia mbaya. Lakini angalia kuna nani mwingine kwenye sentensi. Kuna maiti ya mtu aliyenunuliwa, na hakuna anayeiona. Aliyetunga alikuwa na hakika kwamba kati ya wasikilizaji wake hakuna hata mmoja atakayesimama na kuuliza huyo mtumwa aliitwa nani.

Nilikaa na kichekesho hicho muda mrefu kabla sijapata pa kukiweka. Leo ninakisimulia hivi, siku ya mahari: Familia ya binti inawapigia wakwe simu. "Wakwe, yule mbuzi mliyetuletea amekufa." Wakwe wanashtuka: "Haiwezekani! Miaka yote aliyokaa kwetu hakuwahi kufanya hivyo!" Mtego ni uleule, msomi mjinga ni yuleyule, ila sasa anayelala chini ni mbuzi. Na zaidi ya hapo, pande zote mbili zimekaa ukumbini. Wakwe wa kiume wakichekwa wana midomo ya kujibu, na wanajibu. Siku moja mjomba wa bwana arusi alisimama akasema mbuzi alikufa kwa mshangao, baada ya kusikia bei ya mahari. Ukumbi ulishindwa kutulia.

Hicho ndicho kipimo changu, na sijakipata kwenye vitabu vya wazungu. Nimekipata nyumbani. Nkambo wangu, baba mzaa mama, alikuwa akiniita "bibi yangu" mbele ya kila mtu, akilalamika kwamba sijampikia bukari, yaani ugali. Nami nilikuwa na ruhusa kamili, nikiwa mtoto wa miaka michache tu, kumjibu: "Mume gani asiye na jino? Hiyo bukari utaitafuna na nini?" Watu wazima walicheka mpaka machozi. Neno hilohilo ningelisema kwa baba yangu mzazi, ningepigwa. Utani wetu una mipaka inayojulikana: nani na nani, wakati gani, mpaka wapi. Na sharti lake kubwa ni kwamba anayetaniwa anarudisha. Wabemba na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19. Leo kule Zambia ni watani, wanasemana mpaka msibani, na hakuna anayekwenda mahakamani, kwa sababu kila tusi lina jibu lake na kila mmoja anajua zamu yake itafika.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda sana kwa sababu ni wa miaka ileile ya vitabu tunavyozungumzia, na ni wa jirani. Mwaka 1951, mtafiti J. Clyde Mitchell alikuwa Luanshya, mji wa shaba ng'ambo ya mpaka, akitazama ngoma ya kalela. Wachezaji walikuwa vijana wa kazi, wengi wao Wabisa, wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Walikuwa na "mfalme" wao, "daktari" wao aliyevaa nguo nyeupe, na "sista" aliyepita kati yao na kioo na leso ili wajiweke safi. Nyimbo zao ziliwasifu wenyewe na kuwasema watu wa makabila mengine bila huruma. Na hao waliosemwa walikuwa wamesimama palepale, wamezunguka uwanja, wakicheka. Utafiti wake ulichapwa mwaka 1956. Linganisha sasa na kitabu cha mfukoni cha mwaka huo: mtu mmoja ameandika Brussels au Paris, mwingine anasoma peke yake kwenye kiti, na anayechekwa yuko mbali maelfu ya kilomita au yuko jikoni anaosha vyombo. Tusi limechukuliwa, jibu limeachwa nyuma. Kichekesho cha namna hiyo kinachacha haraka, kwa sababu siku anayechekwa atakapoingia sebuleni na kuketi, kitakuwa hakina tena mahali pa kusimama.

Hapa ndipo sura ya Afrika inapokuja. Kama umewahi kushika hata kimoja cha vitabu hivyo, unaijua picha: sufuria kubwa juu ya moto, padre ndani yake amevaa kofia ya jua, na watu weusi wenye mifupa puani wakicheza kuizunguka. Maneno ya chini yanabadilika, kuhusu chumvi, kuhusu Ijumaa, siku ya Wakatoliki kutokula nyama, lakini sufuria ni ileile. Ilichorwa mara nyingi mno katika magazeti na vitabu vya Ulaya na Marekani vya wakati ule.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana hapa ndipo jambo lilipo. Wakati picha hizo zinachekwa kwenye baraza za nyumba za wazungu, ng'ambo ya eneo lililoachwa wazi kutenganisha mji wao na mitaa yetu, watu wa Katanga walikuwa wanaogopa batumbula. Ilisemwa kwamba usiku kuna watu wanaotumwa na wazungu kukamata Waafrika, kuwaficha, kuwanenepesha na kuwapeleka kuliwa. Mwanahistoria Luise White, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2000, amezifuatilia hadithi za aina hii kutoka Afrika Mashariki mpaka Kongo. Nkambo wangu mke aliziamini, na bado alitutishia nazo tukichelewa kurudi kutoka kuchota maji: mutumbula atakubeba.

Hebu fikiri. Mji mmoja, miaka ileile. Huku watu wanacheka kwamba Waafrika wanakula mapadre. Huku watu wanatetemeka kwamba wazungu wanakula Waafrika. Upande mmoja ulikuwa na mashine ya kuchapa na senti za kununulia kitabu. Upande wa pili ulinong'ona, kwa sababu kusema kwa sauti kungewapeleka kwenye fimbo. Na ukipima nani alikuwa anamaliza nguvu za mwili wa nani katika machimbo na viwanda vya Union Minière, utaona hofu ya akina nkambo ilikuwa na maana kuliko kicheko cha upande wa pili. Ndiyo maana ninasema picha ya sufuria haiwezi kurekebishwa. Nimejaribu kichwani kubadili padre, kubadili wapishi, kubadili mahali. Haina mtego wowote ndani yake. Ukiondoa dharau hakuna kinachobaki, na hiyo ni alama ambayo kijana yeyote anaweza kujifunza kuitambua: toa anayedharauliwa, weka mbuzi mahali pake, kisha sikiliza kama bado unacheka.

Vichekesho vya mke ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa vingine bado vinachekesha. Mume anarudi nyumbani, mke amenunua kofia ya pili; mume anauliza pesa imetoka wapi; mke anajibu jambo la werevu. Wanaume wengi kwenye kumbi zetu wanakipenda hiki, na wake zao wanacheka pia. Niliwahi kukisimulia nikiangalia nyuso, kama ninavyofanya siku zote. Wanawake wa umri mdogo walicheka kweli. Wale wa umri wa mama yangu walicheka kwa midomo, macho yakabaki yametulia. Nilitaka kujua kwa nini, na jibu nililipata kwenye sheria.

Ubelgiji iliondoa mamlaka ya mume juu ya mkewe kwa sheria ya tarehe 30 Aprili 1958. Ufaransa, mwanamke aliyeolewa aliruhusiwa kufungua akaunti ya benki na kufanya kazi bila idhini ya mumewe kwa sheria ya Julai 1965. Maana yake, wakati vichekesho vile vinaandikwa, mke aliyeomba pesa ya kofia hakuwa mhusika wa kubuni tu. Alikuwa kila mke, na kuomba ndiyo njia aliyoachiwa. Na kwetu je? Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kwa mambo ya kisheria yanayomfunga. Ilirekebishwa mwaka 2016. Juzi tu. Mama aliyekaa ukumbini kwangu akiwa na miaka 60 alitumia sehemu kubwa ya ndoa yake chini ya sheria hiyo. Huenda alikwenda ofisini na karatasi ya mume mkononi ili apate anachokitafuta. Kichekesho kilichozeeka Brussels tangu zamani kilikuwa bado kibichi Lubumbashi, na kilikuwa kinamgusa yeye hasa.

Sikukitupa, kwa sababu werevu wa yule mke ni mzuri. Nimekigeuza tu mwelekeo. Sasa anayeulizwa maswali ni mume, amerudi na jozi ya tatu ya viatu, na anajieleza jasho likimtoka. Hapa Lubumbashi, mji wa wanaume wanaopenda kupendeza, hakuna meza isiyo na mume wa namna hiyo. Kinamama wa umri wa mama yangu sasa wanacheka na macho.

Mama mkwe nitampitia haraka. Ulaya ya miaka ya 1950 ilimfanya adui wa nyumbani. Kwa watu wetu wengi mkwe wa kiume hakai meza moja na mama mkwe wake, hamtaji jina, na njiani anampisha. Ukisimulia kichekesho cha mama mkwe wa Kifaransa kwenye mahari, utaona wazee wakiangalia chini. Wewe MC huna ruhusa hiyo hata kama umelipwa vizuri. Achana nacho.

Kuhusu Mskoti mbahili nina neno zito, na ninaomba lisomwe taratibu. Kwa kuwa hapa hakuna anayemjua Mskoti, MC wengi wanafanya jambo linaloonekana rahisi: wanamtoa Mskoti na kuweka kabila la hapahapa. Mluba wa Kasai anapenda pesa, wa kabila fulani ni mvivu, wa fulani anapenda madaraka. Watu wanacheka, naam. Mimi ni mtu wa mji huu na nina umri wa kukumbuka. Kati ya mwaka 1992 na 1993, mkoa ukiwa bado unaitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu mengi, wakiwemo waliozaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa. Likasi na Kolwezi familia zililala stesheni wakisubiri treni, na wengi walifia hapo au njiani. Kabla ya mawe na moto kulikuwa na maneno. Waliitwa bilulu, wadudu, na mwanzoni kulikuwa na watu waliodhani wanatania.

Ulikuwa utani? Utani una majibu. Siku mtani wako anapoanza kunyamaza unapomsema, utani umeshakufa na kilichobaki mdomoni mwako ni kitu kingine. Kwenye arusi zetu leo, mara nyingi bwana arusi ni wa huku na bibi arusi ni wa kule. Wale watu wawili wamefanya jambo gumu ambalo mji huu ulishindwa mwaka 1992. Asiwepo MC wa kuwarudisha nyuma kwa ajili ya kicheko cha sekunde tatu.

Ubahili wenyewe lakini ni mtego mzuri, usiuache uende na Mskoti. Mpe mwenye nyumba. Kila mtu Lubumbashi amewahi kupanga, na kila mtu anajua kudaiwa garantie, yaani amana, ya miezi mingi kwa chumba chenye mlango mmoja. Mwenye nyumba wangu wa kubuni anapandisha kodi usiku wa mbalamwezi, kwa sababu wapangaji wanapata mwanga wa bure. Wenye nyumba ukumbini wanacheka kuliko wote, na mmoja wao siku zote atapaza sauti kueleza mpangaji wake alimfanyia nini. Amejibu. Tumemaliza vizuri.

Sasa kanuni ya kazi, kwa anayetaka kuanza kesho. Ukikuta kichekesho kwenye kitabu cha zamani na hujui kama kinasimulika, mtafute mtu wa aina ile inayochekwa humo. Msimulie yeye kwanza, mkiwa wawili tu, kisha nyamaza umpe nafasi. Nilifanya hivyo na mlinzi wa ukumbi mmoja. Kichekesho ni cha bosi anayemkuta mlinzi amelala kichwa kimeinama, mlinzi anasikia viatu, anainua kichwa polepole na kusema, "Amina." Yule mzee alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akaniambia: "Mama, hata bosi naye analala. Tangu mwezi wa kwanza namuomba mshahara, hajaamka." Kitabu kilinipa nusu, yeye akanipa nusu bora. Sikuzote ninavisimulia viwili pamoja, na ninamalizia na cha mlinzi. Kama angenyamaza na kuangalia pembeni, ningekiacha kitabuni.

Wazazi wananiuliza kuhusu watoto, kama vitabu hivi vichomwe. Mimi sichomi. Chukueni Tintin katika Kongo, kitabu cha katuni cha Mbelgiji Hergé, kilichotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1930 na 1931. Hergé alipokichora upya mwaka 1946, ile nafasi ambapo Tintin anawafundisha watoto wa Kongo kuhusu "nchi yenu Ubelgiji" iliondolewa na kuwekwa somo la hesabu. Miaka 15 tu, na mchoraji mwenyewe aliona ukurasa wake hausomeki tena. Mwaka 2007 Mkongo mwenzetu, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu hicho mahakamani Brussels, na mwaka 2012 mahakama ikamkatalia. Kesi alishindwa, lakini alijibu, hadharani na kwa jina lake, na tangu hapo si rahisi kukisoma kitabu hicho bila kusikia jibu lake. Msomee mtoto wako, ukae naye. Muulize kila ukurasa: huyu anayechekwa angesema nini? Watoto wana majibu makali.

Na tusijidanganye kwamba lazima tuchote kwa wageni daima. Mji huu umekuwa na kundi la Mufwankolo, walioigiza kwa Kiswahili chetu kwenye redio na televisheni, wakicheka na machifu, mabosi, waume, wake, na pombe. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa nao wakitayarisha mchezo kuhusu msemo kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima, hayagawanywi. Miaka hiyo, chini ya Mobutu, kucheka na chifu hakukuwa mchezo wa bure. Anayetaka kujifunza namna ya kumgusa mkubwa aliyekaa mbele yako bila kumvunjia heshima, aanzie kwao kabla ya kwenda kwa Wafaransa.

Jambo la mwisho ninalowaomba wenzangu wa kazi hii ni kuandika. Wazee wetu wana vichekesho vya miaka ya 1950 pia: majina waliyowapa mabwana zao, visa vya jikoni, vya foleni ya posho, vya ukaguzi wa vitambulisho usiku. Ni majibu ya vitabu vile, na mengi hayajawahi kuchapwa. Mzee akiwa na nguvu ya kusimulia, washa simu urekodi, muombe ruhusa kwanza. Usiishie kuandika maneno ya kichekesho peke yake. Andika alikisimulia kwa nani, mtaa gani, nani alikuwa amekaa pale, na nani hakutakiwa kusikia.